Majivu ya mbabula: historia ya moto wa nyumbani katika Lubumbashi

Kila asubuhi katika komine za Katuba, Kenya, Ruashi, Kampemba na Annexe, kuna kazi moja inayofanyika kabla ya chai, kabla ya watoto kwenda masomo na kabla ya mama kutoka kwenda soko. Mbabula inatolewa nje, inapigwa kidogo pembeni, na majivu ya jana yanaanguka chini. Baada ya hapo ndipo makala mapya yanawekwa na moto unawashwa. Kazi hiyo huchukua dakika chache. Hakuna anayeilipia, na mara nyingi anayeifanya ni msichana wa nyumba au mtoto aliyeamka wa kwanza.

Lakini ndani ya yale majivu kuna historia ya mji mzima. Ukiuliza nani aliondoa majivu, katika nyumba ya nani, na aliyapeleka wapi, utajua mengi juu ya Lubumbashi kuliko unavyoweza kusoma kwenye sanamu na majina ya barabara. Na kwa familia zilizokimbia vita, zinazopika leo chini ya hema au katika nyumba ya ndugu, jambo hili si la zamani tu. Majivu yaliyotolewa vibaya yanaweza kuchoma makao yote, na makala yaliyoachwa ndani usiku yanaweza kuua watu waliolala bila kuwaamsha.

Kabla ya mji

Mawe matatu ya jikoni ni ya kale kuliko mji wowote wa Katanga. Kaskazini, katika bonde la Upemba, kando ya ziwa Kisale, wataalamu wa mambo ya kale walichimba makaburi ya Sanga kuanzia mwaka 1957. Makaburi mengi kati ya hayo ni ya watu walioishi kati ya karne ya 8 na karne ya 13 hivi. Pamoja na vyungu, vito vya shaba na vyombo vya chuma, walikuta majiko madogo ya udongo, ya kubebeka, yenye vichwa vya kushikilia chungu. Kumbe mbabula ya udongo ilikuwepo katika nchi hii miaka elfu moja iliyopita, na watu waliiona kuwa kitu cha maana hata wakamzika mtu pamoja nayo. Vipande vya makala vilivyobaki udongoni ndivyo vinavyowasaidia wataalamu kukadiria miaka, kwa kupima kaboni iliyobaki ndani yake.

Moto wa wakati ule haukupika chakula tu. Mafundi wa shaba wa Katanga, walioitwa baadaye "walaji wa shaba", walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakaweka makala na mawe ya malakiti, wakapuliza kwa mivuo mpaka shaba ikatiririka. Walitengeneza misalaba ya shaba iliyotumika kama mali na fedha katika biashara ya mbali. Baada ya kila kazi, tanuru ilibaki na makala yaliyozimika, majivu na takataka za mawe. Ni mabaki hayo yanayowaonyesha watafiti mahali walipofanyia kazi wahenga.

Vijijini, majivu hayakuhesabiwa kuwa uchafu. Yaliwekwa katika maharagwe ya mbegu ili wadudu wasiyatoboe. Yalisugua vyungu na vyombo. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Kati, watu walichoma majani ya mtoni, wakaweka majivu katika kikapu, wakapitisha maji polepole, kisha wakachemsha maji yale mpaka chumvi ikabaki. Kwa njia hiyo hiyo, maji makali ya majivu yakichanganywa na mafuta ya mawese yanatoa sabuni.

Upande wa kusini-mashariki, kwa Wabemba, Walala na Walamba, ambao mpaka wa wazungu uliwagawa kati ya Congo na Rhodesia, majivu yalikuwa shamba lenyewe. Kilimo hicho kinaitwa chitemene. Matawi ya miti yanakatwa, yanakusanywa katikati, yanachomwa kabla ya mvua, kisha ulezi unapandwa ndani ya majivu. Udongo wa pori la miombo ni mchachu na una chakula kidogo kwa mmea. Majivu hupunguza ule uchachu na kuongeza chokaa na potasiamu. Serikali ya kampuni ya British South Africa ilijaribu kuzuia kilimo hicho mwaka 1906, ikiona ni uharibifu wa miti. Njaa na malalamiko vilifuata, na mwaka 1909 katazo likaondolewa. Wakulima walijua kazi ya majivu kabla ya maofisa kuielewa.

Mji wa tanuru moja kubwa

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Njia ya reli kutoka Rhodesia ilifika mwaka 1910, na mji wa Elisabethville ukazaliwa mwaka huo huo. Mwaka 1911 tanuru ya kando ya mto Lubumbashi ilitoa shaba yake ya kwanza, kwa mawe yaliyotoka mgodi wa Étoile, ambao wenyeji waliuita Kalukuluku. Moto wa tanuru hiyo ulihitaji makaa ya mawe, na mengi yaliletwa kwa treni kutoka Wankie, katika nchi inayoitwa leo Zimbabwe.

Mlima mweusi unaoonekana mpaka leo karibu na bomba la moshi la Gécamines, ambao watu wanauita terril, ni mtoto wa moto huo. Wengine huuita mlima wa majivu, lakini si majivu. Ni mawe yaliyoyeyuka, shaba ikaondolewa, yakamwagwa yakiwa bado moto na kugandamana. Ndani yake kulibaki kobalti nyingi, na ndiyo sababu miaka ya 2000 mlima huo ulianza kuchimbwa tena. Kile kilichotupwa na baba kilikuja kutafutwa na wajukuu.

Tanuru hiyo ilikuwa na moshi pia. Kwa miaka mingi upepo uliupeleka kwenye mitaa iliyo upande wa chini, ikiwemo Penga-Penga, na udongo wake ukajaa shaba na madini mengine mpaka majani mengi yakashindwa kuota. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu huko kupanda nyasi zinazovumilia shaba, wakiongeza chokaa na mbolea ya takataka ili sumu isishikwe kwa urahisi na mmea.

Boyi na majivu ya muzungu

Lubumbashi iko kwenye uwanda wa juu, karibu mita 1,200 juu ya bahari. Mwezi wa 6 na wa 7 usiku ni baridi kweli, mara nyingi chini ya digrii 10. Wabelgiji walijenga nyumba zao kwa kukumbuka kwao. Nyumba nyingi za zamani katikati ya mji zina bomba la moshi na mahali pa kuotea moto sebuleni, na jikoni kulikuwa na jiko la chuma la kuni.

Aliyeuwasha moto huo hakuwa mwenye nyumba. Alikuwa boyi. Alipaswa kufika mapema, kukoka moto, kuchemsha maji ya kunawa na ya kahawa. Na huwezi kukoka moto mpya juu ya majivu ya jana, kwa hiyo kazi ya kwanza ya siku ilikuwa kuchota majivu, kuyatoa nje na kufagia jiwe la moto mpaka ling'ae.

Ili afike huko, ilimbidi avuke eneo tupu. Wakubwa wa koloni waliacha nafasi kati ya mji wa wazungu na cité ya Waafrika, iliyofika mita 700, wakiita "zone neutre". Sababu waliyoitoa ilikuwa mbu wa malaria, kwamba hawataruka umbali huo. Lakini mtu yule yule aliyeogopwa usiku ndiye aliyeingia alfajiri mpaka kando ya kitanda cha muzungu, akiwa na ndoo ya majivu mkononi. Mji uligawanywa, lakini majivu na watu wa kuyaondoa walivuka mpaka huo kila siku.

Kumbukumbu ya wafanyakazi hao haikupotea yote. Mwaka 1965 chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani kilitoa kitabu kidogo kilichopigwa kwa mashine, kwa Kiswahili cha hapa hapa, kinachoitwa Vocabulaire ya mji wa Elisabethville. Aliyekiandika ni André Yav. Mwaka 1990 mtaalamu Johannes Fabian alikichapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na leo kinasomwa katika vyuo vikuu vya mbali. Kina maana kubwa kwa sababu kinasimulia historia ya mji kutoka upande wa jikoni, si kutoka ofisi ya gavana.

Mbabula inachukua nafasi

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière ilibadili desturi yake. Badala ya kuleta wanaume peke yao kwa miezi michache, ilianza kuwakalisha na wake na watoto katika kambi. Hapo maelfu ya majiko yaliwaka pamoja katika nyumba zilizopangwa mistari. Miaka ya 1950 cité mpya za Katuba na Ruashi zilijengwa, na mji ukaendelea kupanuka.

Kuni za mawe matatu hazifai sana katika ua mdogo. Moshi unaingia kwa jirani, na kuni ni nzito kubeba kutoka mbali. Makala ni mepesi, moshi wake ni kidogo, na moto wake unakaa. Mafundi wa mabati walikata mapipa na mabati ya zamani, wakatoboa matundu, wakaunganisha miguu, na mbabula ya chuma ikawa chombo cha kila nyumba. Ng'ambo ya mpaka, katika miji ya shaba ya Zambia, watu wanatumia neno lile lile kwa chombo kile kile. Wachimbaji walitembea kati ya migodi, na mbabula ilitembea nao.

Mbabula ina sheria moja. Hewa inaingia chini, inapita katika matundu, inafika kwa makala. Majivu yakijaa, matundu yanaziba. Moto unakuwa wa uvivu, bukari haiivi vizuri, sombe inakaa muda mrefu, na makala yanaisha bila faida. Zaidi ya hapo, makala yanayokosa hewa ya kutosha yanatoa kwa wingi gesi ya karboni monoksidi. Kwa hiyo kuondoa majivu si usafi tu: kunalinda fedha ya nyumba na pumzi ya watu wa nyumba.

Umeme ulipita juu

Mtu anaweza kuuliza: Katanga ina mito yenye nguvu, kwa nini mji bado unapika na makala? Jibu liko katika historia. Bwawa la Mwadingusha lilianza kazi mwaka 1930, na miaka ya 1950 yakafuata Nzilo na Nseke. Yote yalijengwa kwa ajili ya migodi na viwanda. Mwaka 1982 ulimalizika mstari wa Inga-Shaba, kilomita 1,700 hivi kutoka Bas-Congo mpaka Kolwezi, na vijiji vingi vilivyo chini ya nyaya zake vilibaki gizani. Shaba ilipata umeme, na mama akabaki na mbabula.

Kisha mambo yakaharibika. Mwezi wa 9 mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka Kolwezi, na Gécamines ikaanguka katika miaka iliyofuata. Mishahara ilikosekana. Familia zilizokuwa zimezoea jiko la umeme katika nyumba za kampuni zikarudi kwenye makala, kwa sababu yananunuliwa kidogo kidogo, kwa fedha ya siku hiyo. Mji ukakua, na pori likarudi nyuma. Leo baiskeli zilizopakiwa mifuko ya makala zinaingia mjini kutoka barabara ya Kasenga, ya Likasi na ya Kasumbalesa, na wanaume wanaozisukuma wanatoka mbali zaidi kuliko baba zao.

Hesabu yake ni nzito. Katika tanuru ya udongo, kilo 1 ya makala inaweza kula kilo 5 mpaka 10 za kuni. Na kilo 100 za kuni kavu huacha kilo 1 au 2 tu za majivu. Ndiyo kusema kopo la majivu linalomwagwa barabarani asubuhi limebeba chakula ambacho mti ulikivuta kutoka udongoni kwa miaka mingi.

Mawe matatu ya waliokimbia

Lubumbashi imepokea wakimbizi zaidi ya mara moja. Mwaka 1961, wakati Katanga ilipojitenga, makumi ya maelfu ya Waluba walikusanyika katika kambi kandokando ya mji, chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa, mpaka waliposafirishwa mwaka 1962. Mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, na wengi walikaa wiki na miezi kwenye gare wakingojea treni, wakipika kando ya reli. Katika miaka ya 2005 na 2006, vita vya Mitwaba, Pweto na Manono viliwasukuma watu kuelekea Dubie na kwingineko. Kuanzia mwaka 2016, mapigano ya Watwa na Waluba katika Tanganyika yalijaza kambi za Kalemie.

Kila mara, kitu cha kwanza kilichojengwa ni mawe matatu. Kabla ya ukuta na kabla ya mlango, mama alitafuta mawe. Palipo na majivu ya jana, pana watu waliokula jana. Lakini katika kambi makao yamekaribiana, ni ya nyasi, ya turubai na ya miti, na upepo wa kiangazi ni mkali. Hapo ndipo ujuzi wa majivu unapotenganisha uhai na kifo.

Majivu ni blanketi. Yanafunika kaa la moto na kulizuia lisipoe. Juu yanaonekana meupe na baridi, chini kaa linaweza kubaki hai siku 2, hata 4. Nkambo zetu walitumia siri hiyo kwa faida: walifunika kaa jioni, asubuhi wakalifukua na kupuliza, bila kutafuta kiberiti. Lakini kaa lile lile likimwagwa kwenye takataka kavu nyuma ya hema, upepo unafanya kazi yake.

Kwa sababu hiyo desturi nzuri ni ile ya kutoa majivu asubuhi, si usiku baada ya kupika. Kuyachota kwa kipande cha bati, si kwa mkono. Kuyaweka katika kopo la chuma, kamwe si katika mfuko wa plastiki, karatasi au boksi. Kuyamwagia maji polepole na kuyakoroga. Na kuyapeleka mbali na nyasi, turubai na mahali pa michezo ya watoto. Watoto wengi wanaungua miguu kwa kukanyaga majivu waliyodhani yamekufa. Upepo ukiwa mkali, majivu yangoje, kwa sababu vumbi lake linachoma macho na kifua.

Jambo la pili ni la usiku wa baridi. Mbabula isiingizwe chumbani kwa kulala, hata kama makala yamefunikwa na majivu na hayatoi moshi. Karboni monoksidi haina harufu wala rangi. Inaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu na usingizi mzito, na anayelala hajui kwamba anakufa. Chumba kidogo, mlango uliofungwa na turubai lisilopitisha hewa vinaongeza hatari. Mtu akikutwa hivyo, atolewe nje kwenye hewa mara moja na apelekwe hospitali.

Kinachorudi udongoni

Majivu yaliyopoa kabisa bado yana kazi. Kiganja kimoja katika choo cha shimo baada ya kila matumizi hupunguza harufu na inzi. Pale sabuni inapokosekana, kunawa kwa majivu safi na maji kunasaidia kusugua uchafu, ingawa sabuni inabaki bora, hasa wakati wa kipindupindu. Katika bustani ya matembele au ya lengalenga, majivu machache yaliyochanganywa na udongo kabla ya kupanda yanasaidia udongo wetu mchachu. Yakizidi yanaunguza mizizi, na yasichanganywe na samadi mbichi, kwa sababu yanafukuza nguvu yake hewani. Majivu ya plastiki, ya mbao zilizopakwa rangi au ya takataka za mjini yasiwekwe shambani wala jikoni kamwe, maana sumu haiishi kwa kuchomwa.

Ujuzi huu mwingi hauko katika ofisi. Uko kwa wamama waliotoka Mitwaba, Manono na Pweto, waliokuja mjini bila vitu, lakini wakijua jinsi ya kufunika kaa, kuhifadhi mbegu na kupika sabuni. Wakaaji wa mji waliozaliwa kwenye lami wameusahau, kwa sababu kwao majivu ni kitu cha kumwaga kwenye mtaro, ambako yanaziba maji ya mvua. Anayempokea ndugu aliyekimbia vita anapokea pia darasa hilo, kama yuko tayari kuuliza.

Pori la miombo lina tabia moja ya kutia moyo: miti yake mingi ikikatwa huchipua tena kutoka kisiki, moto wa kiangazi usipopita kila mwaka na ng'oa-ng'oa ya mashamba isipoharibu mizizi. Inahitaji miaka, lakini inarudi. Kila kilo ya makala inayookolewa kwa mbabula iliyosafishwa vizuri ni kuni zisizokatwa mwaka huu, na kila kopo la majivu linalorudi bustanini ni deni dogo linalolipwa kwa udongo uliolisha mji huu tangu siku ya kwanza.